Wateja wa Kaka

Pasi ya kwanza niliiharibu mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Nilikata waya wake kwa ndani, mahali ambapo mtu asiye fundi hawezi kuona, nikamkabidhi Mama Pacha, mwenzangu wa chumba cha kufulia nguo pale hospitali.

"Mpelekee kaka yangu. Mwambie imezima ghafla. Na usinitaje, hata akikubana vipi."

Mama Pacha akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Kwa nini usimpe hela tu?"

Kwa sababu hakumjua kaka yangu. Kaka ni fundi wa redio na pasi, na siku hizi kitu kikizima watu wanatupa, wananunua kingine cha bei chee. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wifi alikuja akanieleza kwamba wanakula mara moja kwa siku, na kwamba mumewe anashinda kibandani akizipangusa zana vumbi. Nikabeba unga, mafuta na sabuni, nikawapelekea. Kesho yake wifi akavirudisha vyote, macho chini, pamoja na ujumbe: "Mwambie mdogo wangu bado sijafa." Huyo ndiye aliyenilea tangu wazazi walipotutoka. Kichwa chake ni kigumu, na changu ni hivyo hivyo.

Basi nikaamua kwamba zawadi atakayoipokea ni wateja. Nikawa nanunua vikuukuu kwa wauza chuma chakavu: redio bubu, feni zilizokwama, majiko ya umeme yaliyoungua. Nawapa wenzangu kazini pamoja na pesa ya ufundi, wanampelekea, kisha wananirudishia vitu vizima kabisa. Nyumbani kwangu palikuwa na feni tano na dirisha moja. Nilijinyima viatu, nilijinyima nyama, lakini sitajifanya mtakatifu: nilifurahi mno. Kila Mama Pacha aliposimulia jinsi alivyomkuta kaka akipiga mluzi, kichwa kilinivimba. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Miezi minne ikapita hivyo. Jumatano moja wifi akanifuata hadi kazini, mikono kichwani. Shule iliyo karibu na kwao ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu, wa kutunza taa na mabomba, mshahara kila mwezi na nyumba ya kukaa. Rafiki wa zamani wa kaka alikuwa amemshikia nafasi.

"Ameikataa, wifi! Anasema wateja wamerudi, ataachaje kibanda? Juzi ameuza hata kitanda chetu ili alipe kodi ya kibanda ya mwaka mzima."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya moto, lakini nilihisi baridi mwili mzima. Niliondoka hivyo hivyo, aproni kiunoni.

Nilimkuta kaka ameupaka mlango rangi. "Karibu, mdogo wangu! Keti, siku hizi nina kiti cha wageni." Alikuwa amenawiri kidogo usoni. Mungu ananiona, nilitaka kunyamaza.

"Kaka, nenda shuleni sasa hivi ukaiombe ile kazi. Wateja wako ni mimi."

Kwanza alicheka. Kisha akaweka bisibisi mezani.

"Pasi ya bluu?"

"Mimi."

"Redio ya yule mama anayekohoa?"

"Mimi, kaka."

"Na zile feni?"

"Ziko kwangu zote."

Akaendelea, kimoja baada ya kingine, bila kupandisha sauti. Alivikumbuka vyote, hata vile nilivyovisahau mimi. Laiti angenitukana. Nikamkatiza: "Hujachelewa bado, nenda!"

"Wamempa mtu mwingine leo asubuhi," akasema. "Nimetoka kumpongeza. Nimemwambia nimemwachia kwa sababu kazi zimenizidi."

Nje watu walipita na shughuli zao, hakuna aliyechungulia ndani. Mezani palikuwa na taa ya kusomea iliyovunjika shingo. Kaka akaigusa.

"Na mzee aliyeleta hii leo? Yule wa kofia?"

Yule wa kofia alikuwa baba mkwe wa Mama Pacha. Taa niliinunua mimi, na nauli ya mzee nilitoa mimi.

"Huyo simjui," nikasema.

Kaka akanitazama machoni, akanitazama tena. Kisha akavuta kiti, akaichukua bisibisi yake.

"Basi ngoja nimmalizie. Amesema ataifuata saa kumi."

Nikaaga, nikatoka mbio kumtafuta Mama Pacha, mzee wake asije akachelewa.