Siri ya Mezani

Subira yavuta heri, husema watu ambao wenyewe hawasubiri kitu. Tejal alikuwa ameuchoka msemo huo. Aliambiwa hekaluni, aliambiwa na majirani, aliambiwa na dada yake kwa simu kutoka Mwanza, na kila mara alitabasamu akasema asante, huku moyoni akitamani kumfinya mtu. Mtoto wa kwanza, Hetvi, walimsubiri mpaka wakakata tamaa, kisha simu ikalia, wakapanda ndege hadi India na kurudi naye nyumbani Harrow, pembeni mwa Landani, kabla hajaota hata jino. Sasa Hetvi alikuwa na miaka minane, mkaidi, mpenda pilipili, na wa pili bado alikuwa anasubiriwa.

Na usidhani kusubiri mtoto wa kuasili ni kukaa kitako. Mtu usiyemjua anakuja nyumbani kwako, anakunywa chai yako, halafu anakuuliza wewe na mumeo mkigombana nani huanza kununa. Ukisema hamgombani, hakuamini. Ukisema mnagombana, anaandika.

Kosa lao lilianza Hetvi akiwa na miaka mitano. Waliletewa habari za katoto ka kike huko Surat, nao kwa furaha wakamwambia Hetvi siku hiyo hiyo. Hetvi akatangaza shule nzima. Akagawa midoli yake mafungu mawili, akaanza kulala upande mmoja wa kitanda ili mwenzake apate nafasi. Kisha ndugu wa yule mtoto wakajitokeza kumchukua. Jambo la heri kwa mtoto, nani angelalamika? Lakini nenda kamweleze mwenye miaka mitano. Hetvi alilia wiki nzima, chakula anasukuma, na usiku anauliza kama ni yeye aliyeharibu.

Hapo ndipo mama mkwe wa Tejal alipotoa amri. Jina lake ni Madhu, ila nyumba nzima humwita Ba, kama Wagujarati wanavyowaita bibi zao, na Ba akitoa amri hakuna rufaa.

"Mtoto huyu haambiwi tena kitu," alisema, "mpaka mwenzake awe amesimama kwenye kizingiti hiki hapa, na viatu kavua."

Basi wangezungumzaje? Kigujarati Hetvi anakijua. Kiingereza ndicho chake. Kikabaki Kiswahili. Tejal ni mzaliwa wa Mwanza, mumewe Tushar ni wa Tanga, na Ba alikuwa na duka la vitambaa hapo hapo Tanga kabla hawajahamia Uingereza. Ikawa ndiyo desturi ya meza yao: wali na dengu vimepakuliwa, achari inazunguka, na Ba anauliza bila kuinua macho, "Wale watu wa Nagpur wamejibu?" Tushar anajibu, "Bado. Nipitishie mkate." Mtoto yupo katikati anakula, macho kwenye sahani. Walijiona wajanja kweli kweli, maskini.

Mwaka jana huyo mtoto wa Nagpur, aliyeahidiwa baada ya yule wa Surat, naye aliwaponyoka. Waliambiana habari hiyo kwa Kiswahili, mezani, nyuso kavu kama wanaosema bei ya vitunguu. Tejal alikwenda kulia bafuni, maji ya bomba yakiwa wazi. Alijifariji kwamba angalau safari hii Hetvi amepona.

Ofisa wao wa ustawi wa jamii alikuwa Mkamba wa Machakos, jina lake Mwende, mwanamke wa kicheko kikubwa na macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya kwanza alipoingia, Ba alimwambia Tushar kwa Kiswahili, "Huyu naye, viatu havui?" Mwende akajibu palepale, "Pole sana, Mama, navivua sasa hivi." Ba alitamani zulia limmeze. Wangekuwa na akili wangejifunza siku ile kwamba Landani hii Kiswahili si mahali pa kujifichia. Hawakujifunza.

Sasa ilikuwa Jumamosi, ziara ya mwisho. Safari hii mtoto alikuwa mvulana wa miaka mitatu, Kavan, yuko kituo cha watoto Rajkot. Tejal kazi yake ni kupima watu macho, na kila asubuhi kwenye treni ya kwenda mjini aliitazama picha ya Kavan kwenye simu mpaka abiria wa jirani naye akachungulia. Alimpenda. Alijikataza, na akampenda hivyo hivyo.

"Ripoti naituma Jumatatu," Mwende alisema, kikombe cha chai mkononi. "Imebaki sehemu moja tu, ya Hetvi. Nataka tuongee naye, mimi na yeye peke yetu, kuhusu huyu mdogo wake. Mmemwandaa?"

Tejal akamtazama Tushar. Tushar akaitazama sahani ya muhogo wa kukaanga.

"Ndiyo," Tushar akasema. "Anajua kila kitu."

Jamani! Tejal aliona masikio yake yanawaka moto.

"Afadhali," Mwende akasema. "Kwa sababu mtoto akishtukizwa na habari kama hii mimi siwezi kupitisha. Nitaandika familia haiko tayari, tuanze tena mwakani. Na huko Rajkot hawatamwekea mtu mtoto mpaka mwakani. Atapewa wengine."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tushar ilikuwa fupi kama ukumbi wa nyumba yao, kutoka sebuleni hadi jikoni. Tejal alifungua kinywa aseme, lakini Hetvi tayari alikuwa anashuka ngazi mbio, akamkumbatia Mwende, akanyakua sahani ya muhogo, na wawili hao wakaingia jikoni. Mlango ukafungwa.

Waliobaki sebuleni walitaka kugombana mara moja. Wagombane kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, Mwende atasikia. Kwa Kigujarati, Hetvi atasikia. Kwa Kiingereza, watasikia wote wawili. Ba akamtolea mwanawe macho, Tushar akafuta miwani isiyo na vumbi, na Tejal akakaa amebana mikono katikati ya magoti. Upande wa pili wa ukuta sauti ya Mwende ilikuwa ya chini, ya kuuliza. Ya Hetvi haikusikika kabisa.

Anashtuka, Tejal aliwaza. Sasa hivi mwanangu anaambiwa na mtu wa nje jambo ambalo mama yake hakuthubutu kumwambia. Habari za ripoti zikamtoka kichwani. Hata Kavan, Mungu amsamehe, alimtoka kichwani kwa dakika ile. Akasimama.

"Tejal, kaa chini," Tushar akanong'ona. "Utaharibu."

"Imeshaharibika," Tejal akasema, kwa sauti, na asikie anayesikia. Akaenda akafungua mlango wa jikoni.

"Mwende, nisamehe. Tumekudanganya. Mtoto hajui chochote. Tulimficha miaka yote hii kwa sababu tuliogopa atalia tena. Kosa ni letu, si lake. Andika unavyotaka, lakini usiendelee kumuuliza, tafadhali. Ngoja kwanza nimwambie mwenyewe."

Mwende alimgeukia Hetvi. Hetvi alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni, na alikitafuna mpaka kikaisha, kwa maana Ba alimfundisha kutozungumza na chakula mdomoni.

"Mimi najua, Mummy," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha Tanga, cha Ba mtupu, na ile namna yake ya kuvuta maneno kama anayepima kitambaa.

"Anaitwa Kavan. Ana miaka mitatu. Yuko Rajkot. Maziwa hataki, na Baba alisema usingizi wake ni wa taabu."

Tejal akamsogelea. "Nani kakwambia?"

"Nyinyi. Mezani."

Ba alikuwa amefika mlangoni, Tushar nyuma yake. "Arre! Huyu Kiswahili kajifunza wapi?"

Mwende hakujizuia tena, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama, hebu niambie. Akitoka shule nani hukaa naye? Na ukimwita kula, wamwita kwa lugha gani?"

Ba akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Njoo ule. Vua soksi. Hebu niletee miwani yangu, mjukuu wangu. Tangu mtoto akiwa wa kutambaa Ba humsemesha hivyo, kwa mazoea tu, kama alivyowasemesha watoto wote wa dukani kwake. Na mtoto huja, huvua, huleta. Watu wazima watatu, mmoja wao mpima macho, na hakuna aliyeliona.

"Mbona hukusema, mwanangu?" Tejal akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha hivyo.

Hetvi akarudi kwenye Kiingereza chake, kwa sababu hili lilikuwa refu. Alisema, "Ningesema najua, mngehamia lugha nyingine."

Tushar akacheka kidogo, kicheko cha aibu. Tejal naye alikuwa karibu kucheka, ndipo wazo likamjia likamkata kicheko.

"Basi na yule wa Nagpur ulijua?"

Hetvi akatikisa kichwa kukubali.

"Ulijua kwamba hatamkuja... kwamba hatakuja?" Maneno yalimkanganya mdomoni.

"Nililia shuleni," Hetvi akasema. "Kwenye choo. Nikanawa uso kabla ya kurudi nyumbani, ili msijue."

Tejal aliketi pale pale kwenye kigoda cha jikoni. Alikumbuka maji ya bomba na mlango wa bafuni, na aliona kwamba katika nyumba moja, kwa ajili ya mtoto mmoja, watu wawili walikuwa wamelia wamejificha, na mmoja wao alikuwa na miaka saba. Ilimuuma kuliko Surat na Nagpur kwa pamoja. Akamvuta Hetvi mapajani, mkubwa hivyo, miguu inaning'inia, na hakufungua bomba.

Mwende aliwaachia muda. Alikula muhogo, alitazama bustani. Mwishowe akafunga begi lake. "Nitaandika nilichokiona," akasema. "Mtoto yuko tayari, na amekuwa tayari zamani. Wazazi ndio nitakaowaandikia waongee naye wazi. Na wewe, Baba Hetvi, ukinidanganya tena sitakuwa mpole hivi."

"Samahani, dada," Tushar akasema. Alisema vizuri, kwa moyo, akamsindikiza mpaka garini.

Mwende alipoondoka, Tejal alitoa simu. Katika mambo yote ya Kavan aliyoyajua Hetvi, moja hakuwa nalo, kwa sababu halisemeki mezani: sura yake. Tejal akamfungulia picha. Mvulana mweusi wa macho makubwa, ameshika pindo la sari ya mlezi kwa mikono miwili, hacheki hata kidogo.

Hetvi aliitazama muda mrefu. Akaikuza kwa vidole, akatazama macho, akatazama mikono. Tejal hakumharakisha. Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha yenye kidonda pembeni, na hakutaka ipite upesi.

"Na huyu naye asipokuja?" Hetvi akauliza. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili, polepole.

Miaka mitatu walikuwa wamelikimbia swali hilo. Tushar alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Tejal alitafuta neno la kumtuliza mtoto, akaliacha.

"Tutalia," akasema. "Wote. Hapa hapa, pamoja."

"Hata Ba?"

Ba alikuwa amewapa mgongo, anasugua sufuria ambayo ilishatakata.

"Mimi," Ba akasema bila kugeuka, na sauti yake haikuwa ya amri tena, "ndiye nitakayeanza."