Zabibu Nyekundu Hadi Ndani

Aneth alikwenda Hombolo kununua zabibu za kawaida kwa ajili ya kiwanda chake kidogo cha mvinyo. Pembezoni mwa shamba la mzee Mazengo alichuma punje moja kwenye mzabibu mkongwe, akaiminya. Vidole vikalowa wekundu. Akaminya nyingine. Zabibu nyekundu alizozizoea, rangi iko kwenye ganda tu. Ndani maji yake ni meupe. Hizi zilikuwa nyekundu hadi kwenye kokwa.

"Mzee, hii ni mbegu gani?"

"Sijui, ni ya zamani. Wanunuzi hawaitaki, wanasema inachafua nyingine." Mazengo akamwonyesha trekta lililoegeshwa kando ya uzio. "Leo tunaing'oa. Kijana wangu anajenga hapa."

"Nipe hadi kesho tu, nilete mtu aione."

"Mwenye trekta hana kesho. Kata unachotaka kabla dereva hajamaliza chai."

Aneth akakata. Mkasi ulimteleza ukamchana kidole, hakusimama. Alizifunga pingili za kupanda kwa khanga mbichi, akajaza vichala kwenye ndoo, na trekta lilipoanza kunguruma alikuwa bado ameinama.

Nyumbani mjini alizipanda kwenye viriba. Akawa hatulii. Yuko benki kwenye foleni, anawaza jua. Akirudi anavisogeza viriba kivulini, kisha anavirudisha.

"Utaziua kwa kuzihangaikia," mumewe, Optatus, alimwambia.

Nyingi zilikauka kweli. Mbili zikachipua.

Mtaalamu mmoja wa kilimo aliyatazama majani, akasema huenda ni aina iliyopandwa zamani kwa kutia rangi mvinyo mwingine; jina hakulijua. Lakini mvinyo wa ile ndoo ulipokuwa tayari, mweusi kama wino, Aneth aliuonja. Ulikuwa mkali, wenye uchachu wa ukwaju, na ladha yake haikutaka kuondoka mdomoni. Akaonja tena.

Wiki hiyo Mazengo alipiga hodi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mke wangu hanisemeshi. Ile mizabibu aliipanda marehemu baba yake. Nimesikia unayo iliyochipua."

Aneth aliitazama miche yake miwili. Akampa uliostawi zaidi.

Mzee hajafika hata stendi, Aneth alishaanza kujilaumu. Ataumwagilia kweli? Na mbuzi je? Asubuhi iliyofuata alikuwa njiani kwenda Hombolo, bila hata kumuaga Optatus.