Asali ya Kaburini kwa Matonya

Kila adhuhuri Matonya, aliyekufa miaka minane iliyopita, alisimama mlangoni pa tembe na kumnyooshea mkewe kiganja kitupu. Alilamba midomo tu, kama enzi za uhai wake alipoonja asali na kuutaja mti uliochanua: hii ya mkole, hii ya mkambala.

"Ana kiu," Loisi alimwambia shemeji yake, Yoramu. "Hajamiminiwa asali kaburini mwaka wa tatu sasa."

"Kaka alikuwa na kiu hata akiwa hai. Ila wewe ndiye uliyemfungia mlango."

Kweli tupu. Ili mbuzi wasikanyage kaburi, Loisi aliomba vipande vinne vya mpungate katika bustani ya Mjerumani mmoja, vipana kama ulimi wa ng'ombe, akavichomeka pembe nne. Havikudai maji. Vilizaa miiba, vikazaa maua ya manjano, kila kipande kilichoanguka kikaota chenyewe, hata kaburi likamezwa, na mikole ya mteremko mzima ikasongwa ikakauka. Mizinga ya Matonya ilibaki mitupu mitini. Nyuki walihamia humo humo miibani, juu ya kichwa chake.

Asubuhi moja wawili hao waliingia miibani na panga na moshi. Yoramu alikata huku akirukaruka.

"Shemeji, nikichomwa makalio utanichomoa wewe!"

"Nitamwita mkeo."

"Basi niache na miiba yangu."

Loisi alicheka, akaendelea kucheka mpaka mkono wake ulipogusa jiwe la kaburi. Alimega sega, akaonja. Asali ilikuwa tamu, tamu mno, kama mgeni anayekuita kwa jina lako la utotoni.

"Mimina, jua linapanda," Yoramu alisema kwa upole.

Akamimina, akamuuliza mumewe, "Baba Sila, hii ya mti gani?"

Udongo ulikunywa asali yote. Nyuki walivuma. Hakuna aliyetaja mti.

Walifika nyumbani adhuhuri. Yoramu aliketi kizingitini, akang'oa kipande cha mpungate kilichong'ang'ania kiatu chake cha ngozi, akakirusha nyuma ya tembe. "Ameshiba sasa. Umwone tena wapi?"

Matonya alikuwa amesimama nyuma ya bega la mdogo wake. Kiganja alikuwa amekifumba, na kwa mara ya kwanza hakumtazama mkewe. Alitazama pale kipande kilipoangukia.