Sahani ya Bi Mwanapili

Mwaka ule mchele ulipoadimika Unguja, wauza vitumbua wa Kikwajuni walizima meko mmoja mmoja. Jokha hakuzima. Sisi majirani tulisema ana mkono wa baraka. Wengine, mdomo hauna pazia, wakasema anafuga jini. Jini gani! Alikuwa na akili, na mwaka ule akili ilikuwa hatari kuliko jini.

Aliona mapema. Kabla wenye maduka hawajaanza kutupimia vibaba, alikwisha nunua gunia zima na kulificha jikoni chini ya makumbi ya nazi. Kisha ikatangazwa kuwa atakayekutwa na gunia ni mlanguzi, na mlanguzi anachukuliwa. Waliochukuliwa hatukuwaona tena barazani. Mumewe Darwesh, mshona kofia mwenye kifua kibovu, alitaka gunia litupwe. Jokha akakataa, maana dawa ya kifua hicho ilitoka kwenye vitumbua.

Mbele ya watu vitumbua vyake vilikuwa vya muhogo, lakini unga wa muhogo peke yake haushikani. Jokha alitia konzi ya mchele uliorowekwa akatwanga pamoja, vitumbua vikashikana na rangi ikabaki ya muhogo. Wali hakupika kabisa, harufu yake haina siri. Siku moja moja aliviharibu makusudi ili asishukiwe, vikavunjika, wateja wakanuna, naye akanuna kuwashinda. Nilipokuja kujua nilicheka. Lakini siku zile hapakuwa na cha kuchekesha. Vijana wa zamu walipita uchochoroni wakinusa masufuria ya watu kutafuta wenye magunia, na aliyewaongoza ni Usi, mtoto wa Bi Mwanapili wa nyumba ya pili.

Ramadhani ikaingia. Darwesh alikuwa amedhoofu sana.

"Jokha, nna hamu ya kitumbua cheupe. Cha mchele mtupu."

Nani angemnyima? Akampikia vichache, akavifunika kawa, akatoka kumpelekea mamake futari. Nyuma yake ikaja sahani ya muhogo wa nazi kutoka kwa Bi Mwanapili, kama ilivyokuja kila Ramadhani. Aliporudi, muhogo ulikuwa bakulini.

"Sahani ya watu iko wapi?"

"Nshairudisha."

"Tupu?"

Darwesh akaudhika. "Mie nirudishe sahani ya jirani tupu? Mtu nna kwetu!"

Jokha akafunua kawa. Vitumbua viwili tu vilibaki. Akakaa chini, na Darwesh alipomwona uso akaelewa alichokifanya. Kila hatari mwanamke yule aliipigia hesabu, isipokuwa adabu ya mumewe.

Kulitoa gunia haikuwezekana, zamu ilikuwa nje. Wakakubaliana kuwa Jokha atasema ni lake na Darwesh hajui kitu. Kifua kile kisingestahimili kufungwa hata wiki.

Asubuhi Usi akabisha hodi na wenzake wawili, sahani ya mamake mkononi. Ilikuwa tupu.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba."

"Mama kavisifu vitumbua. Na mie nimeonja. Ule si muhogo."

Jokha akafungua kinywa, lakini Darwesh alikwisha simama, kofia kichwani.

"Mchele wangu," alisema. "Mke wangu hajui kitu."

Wakamchukua yeye na gunia. Nilimsikia akikohoa mpaka walipokata kona, nikawalaani kimoyomoyo. Usi aliiacha sahani barazani.

Alasiri Jokha akawasha moto, akakaanga vitumbua vya muhogo mtupu. Vilivunjika vyote, na safari hii hakukusudia. Tulinunua hivyo hivyo, tukaondoka.

Magharibi ilipokaribia, akaja Bi Mwanapili, macho yamemvimba. Alikuwa amesifu chakula tu, maskini, mbele ya mwanawe. Hata hivyo siku ile nilimchukia. Akasimama mlangoni, akabaki kuitazama sahani yake pale barazani.

Jokha akaiokota, akaipangusa kwa kanga, akaijaza vitumbua vilivyovunjika, akampa kwa mikono miwili.