Jembe la Siku ya Tatu

Katika nchi ya Matazamio, iliyopakana kusini na jangwa la Majuto na kaskazini na milima ya Laiti, watu hawakuamkiana kwa kuulizana afya wala watoto. Aliyetangulia alisema, "Miaka mingapi?" na aliyeitikia alisema, "Thelathini tu, inshallah." Maana yake ni kwamba baada ya miaka thelathini kuni zitakoma kukatwa, ng'ombe watakoma kufungwa nira, na nuru na joto vitapatikana bure kama hewa. Babu zao waliahidiwa miaka thelathini, baba zao waliahidiwa miaka thelathini, na wao wenyewe, kwa unyofu wa moyo ambao siwezi kuucheka bila kujicheka, waliwaahidi watoto wao miaka thelathini.

Ahadi hiyo ilitoka kwa Mwalimu Taamuli, mwanachuoni aliyekaa kilimani akijaribu kuwasha jua dogo ndani ya chungu, kama alivyojaribu mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Taamuli hakuwa mwongo. Ila tangu aote ndevu hakuna aliyemwuliza neno jingine zaidi ya "lini?", na mtu aulizwaye swali moja umri wake wote huishia kuwa na jibu moja.

Ada yao ya pili ilihusu wageni. Katika Pumbao, mji mkuu wa nchi hiyo, kufunua pazia la mgeni au kuhesabu matonge yake ilikuwa jinai, na adhabu yake kutupwa Majuto bila kiriba cha maji. Wahenga waliwaachia methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini watu wa barazani waliuona mkia wa methali hiyo mzito, wakaukata, wakawa wanasema "Mgeni siku mbili" kisha wanapiga makofi. Ukarimu wa namna hiyo mimi nauita uvivu uliovaa kanzu.

Kando ya mto Juhudi, nje kidogo ya mji, aliishi mjane mmoja aitwaye Mizani, mwenye kinu kilichosukumwa na maji. Maji yalifika kinuni kwa mfereji, na mfereji ulitaka kuzolewa matope kila mwaka, kazi ya mgongo isiyo na shairi wala ngoma. Vijiji saba vilikula kwa kinu hicho. Mizani alipima unga kwa kibaba cha mfuto, akikisawazisha kwa kijiti, awe Sultani au awe kuli, na watu wakasema mama huyu mkono wake ni mkavu.

Basi akaja Ghururi. Jina lake alilitaja mwenyewe langoni, bila kificho, na hakuna aliyeshtuka! Alikuja na ngamia, masanduku manane makubwa, na mtumishi mmoja aitwaye Naam, ambaye katika lugha zote za dunia alijua neno hilo tu. Uwanjani alisimamisha hema la hariri ya kijani, akajenga jukwaa lililoshikana nalo, na juu yake akaweka gurudumu la shaba lenye urefu wa watu wawili. Kulipopambazuka lilikuwa likizunguka, bila maji, bila upepo, bila ng'ombe, bila kuni.

"Hili ni Gurudumu la Dawamu," Ghururi alisema. "Miaka thelathini yenu imekwisha leo."

Watu walilia kwa furaha, na mimi siwalaumu, kwa kuwa mwenye kiu hakosi haki ya kulilia maji. Sultani Pokea, mtawala mwema asiyewahi kurudisha zawadi, alitoa amri siku ile ile: siku ya nne mfereji wa Juhudi ufukiwe, na mawe ya kinu yang'olewe yakajengee kuba la gurudumu.

Siku ya pili Mizani aliingia barazani na vumbi la unga kichwani.

"Mtukufu Sultani," alisema, "naomba kumwuliza mgeni wetu. Gurudumu lake linakula nini?"

"Halili kitu, mama," Ghururi alijibu kwa tabasamu. "Hiyo ndiyo ajabu yake."

"Kila kizungukacho hula, bwana wangu. Kinu changu hula maji. Ng'ombe hula majani. Na mimi nikishika jiwe la mkono, nala kibaba kizima nisianguke. Unga wa wageni hutoka kwangu. Nyinyi ni wawili, na kibaba kimoja chamtosha mtu kutwa. Mbona hemani mwenu huingia vibaba kumi?"

Baraza zima liliinama kwa haya.

"Mizani," Sultani alisema kwa huzuni ya kweli, "umehesabu matonge ya mgeni."

"Nimehesabu, Mtukufu."

"Mimi na Naam tu walaji wazuri," Ghururi alisema.

"Naam," alisema Naam.

"Wajua adhabu yake," Sultani aliendelea.

"Naijua, na siikimbii. Pazia lake sitaligusa. Ila kesho ni siku ya tatu, na wahenga walisema ya tatu mpe jembe. Mgeni aje mferejini, na kwa kuwa mgeni mwenye jembe hula shambani pamoja na wenyeji, chakula chake chote, vibaba kumi vile vile, nitakileta huko, na hemani pasiende hata tonge. Gurudumu likizunguka peke yake hadi alasiri, mimi mwenyewe nitafukia mfereji wangu, kisha nitaelekea Majuto kwa miguu yangu."

Ghururi alisema mikono yake ni ya elimu, haina mazoea na mpini. Lakini Sultani alikuwa mtu aliyeipenda ada kuliko hoja, na methali ilipokwisha kusemwa nzima mbele ya watu, hakuthubutu kuikata tena.

Asubuhi ya tatu Ghururi na Naam walishuka matopeni. Uwanjani gurudumu lilizunguka kama jana, na kila lilipometa watu walimtazama Mizani kwa jicho la kuagana. Mizani aliendelea kuchimba. Nadhani aliogopa, maana alipima matope kwa macho, akihesabu siku ambazo vijiji saba vingekaa bila unga kama amekosea.

Adhuhuri ukaletwa ugali wa vibaba kumi, ukawekwa mbele ya wageni wawili. Walikula hadi wakavimba, na sinia likabaki halijapungua hata robo. Ghururi aliacha kutazama chakula, akawa anatazama mji.

Muda si muda gurudumu likaanza kusita. Likazunguka, likapumzika, likazunguka nusu. Kabla mwadhini hajapanda kuadhini alasiri, lilisimama kabisa, na kutoka chini ya jukwaa ikasikika sauti nyonge.

"Bwana Ghururi, hata uji hatujaletewa."

Hakuna aliyelifunua hema. Pazia lilifunguliwa kutoka ndani, wakatoka wanaume wanane wamelowa jasho, wakashika njia ya mferejini kwa kufuata harufu ya ugali. Mizani aliwanawisha mikono kabla ya mtu yeyote kuwahi kuwatukana. Walipokwisha kula aliwagawia majembe, na Ghururi hakupelekwa Majuto, bali aliongezewa wiki sita za matope pamoja na Naam wake.

Aibu ya watu ikageuka hasira, na hasira ikatafuta mahali pa kutua. Wakapanda kilimani kukivunja chungu cha Taamuli. Mizani aliwatangulia mlangoni, akihema.

"Mwalimu," alisema, "chungu chako kinakula nini?"

Mzee yule alimtazama kana kwamba amesubiri swali hilo tangu utotoni. "Mizigo kumi ya kuni, Bi Mizani."

"Na kinarudisha joto la mizigo mingapi?"

"Mmoja." Mzee aliweka kiganja juu ya chungu. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Na lini kitazidi kumi?"

"Sijui."

Neno hilo lilikuwa halijasikika Matazamio kwa vizazi vitatu. Umati ukashusha marungu yake.

Siku hizi watu wa nchi ile huamkiana, "Umepima?" Mfereji huzolewa matope kila mwaka, Sultani akiwa mstari wa mbele na jembe lake, na Taamuli hushuka kilimani kuchimba na wenzake na kutaja hesabu yake hadharani. Mwaka jana alikuja ametota hadi kiunoni.

"Kimerudisha kiasi gani, Mwalimu?" Mizani alimwuliza.

"Mizigo minne kwa kumi."

"Na mwaka uliotangulia?"

"Mitatu na nusu."

"Nusu mzigo," alisema yule mama, akilirudia neno hilo taratibu. Akachota unga, akakiinua kijiti chake juu ya kibaba, kisha akakirudisha kijiti mahali pake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akampimia Mwalimu kibaba cha tele, unga ukivimba juu ya ukingo.