Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Karani wa kampuni ya magari kule Tororo aliandika kwa wino wa buluu: breki mpya, magurudumu manne, shilingi mia tatu na themanini, kazi ya fundi ikiwemo. Ulikuwa mwaka wa 1964. Wandera aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Lori lilikuwa lake mwenyewe, Bedford la kubebea saruji kutoka Tororo kwenda Busia, na spana alikuwa nazo.

"Hii si bei ya breki," alimwambia karani. "Ni mahari."

Jumapili, baada ya kanisa, alitandika gunia uani, akapandisha lori kwa jeki. Lainingi, yale mabamba magumu yanayobana dramu ya chuma iliyo ndani ya gurudumu ili lisimame, ziliuzwa Busia shilingi ishirini kwa kila gurudumu. Alinunua za magurudumu matatu. Kwa la nne, la nyuma kushoto, alikata mkanda wa zamani wa mashine ya kusagia unga, kwa kuwa mkanda ulikuwapo nyumbani na haukuwa na kazi. Aligonga ribiti, misumari ya kuubania mkanda huo, vizuri sana. Kwa kugonga ribiti, hakuna wa kumlaumu.

Siku ya tisa, kwenye mteremko wa Paya, mkanda uliyeyuka. Magurudumu matatu yalishika, la nne likakataa, na lori lenye mifuko mia moja ya saruji likavutwa upande wa kulia. Omoding alikuwa akipanda huko huku akisukuma baiskeli yenye kapu la samaki wakavu. Alifia papo hapo. Karatasi ya ajali iliandikwa kwamba baiskeli haikuwa na kengele.

Baada ya mazishi, watu wa Omoding walikwenda kumchukua. Kwao, mtu aliyefia njiani huitwa kwa jina pale alipoangukia, akaitika, akatangulia mbele ya watu wake mpaka nyumbani. Asipoitwa, kilichozikwa ni mwili tu. Wandera mwenyewe ndiye aliyewapeleka, kwa lori lile lile, na hakuwatoza nauli. Mjane, Dorcas, aliita mara tatu. Omoding aliitika, lakini sauti haikutoka barabarani. Walipoinama wakamwona chini ya lori, mgongo umeegemea chuma, nyayo zote mbili zimekanyaga dramu ya gurudumu la nyuma kushoto.

"Siwezi kuja," alisema. "Mimi nashika hii gurudumu. Nikiachia, gari itaua mtu ingine."

Wazee walishauriana pembeni, wakaona ana haki. Walimwambia Wandera atengeneze breki ili mtu wao aende nyumbani. Wandera alikubali mbele ya wote, kofia mkononi. Mwisho wa mwezi, alisema.

Tangu siku hiyo lori hilo lilikuwa na breki bora kuliko zote kati ya Tororo na Busia. Wandera alipogusa pedali, Omoding alikaza miguu, na lori likasimama kama punda aliyegoma. Wanawake wa Buhehe waliopeleka ndizi sokoni walianza kulisubiri hilo tu. Walimwamkia Omoding kwanza, dereva baadaye. Mwezi uliisha, Wandera akanunua mabati. Mwezi wa pili ukaisha, akayaezeka.

Dorcas alikuja Busia kila siku ya soko na ugali wa wimbi, akachuchumaa kando ya gurudumu na kumlisha mumewe. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Nyayo zilikuwa zimekwisha. Baada ya masoko machache vifundo navyo havikuwapo, na Pasaka ilipofika Omoding alikuwa akishika dramu kwa magoti. Chini yake palibaki vumbi laini la kijivu. Dorcas alilizoa kwa kiganja, akalifunga kwenye pembe ya leso.

"Usilie, Mama Opio," Omoding alisema. "Haiumi sana. Inauma tu wakati amebeba saruji."

Dorcas alimkuta Wandera hotelini, anakula.

"Baba Loy, mume yangu anakwisha."

"Naona, mama. Hata mimi inaniuma." Na kweli ilimuuma, alisukuma sahani kando, na hilo ndilo linalokera zaidi. "Lakini kampuni wanataka mia tatu themanini."

"Basi nunua ile ya ishirini. Funga wewe mwenyewe, kama ile ingine."

"Mama, nani anatoa breki inayoshika vizuri namna hiyo?"

Dorcas aliiuza baiskeli, iliyopinda kama ilivyokuwa, akapata shilingi ishirini na tano. Soko lililofuata alinunua lainingi na ribiti. Wandera alipokwenda kula, Dorcas alitoa jeki chini ya kiti cha dereva akaanza kazi. Omoding, aliyekuwa amebaki kuanzia kifuani kwenda juu na sasa alisukuma dramu kwa viganja, alimwelekeza nati kwa nati; miezi yote hiyo hakuwa na kingine cha kutazama. Ribiti ya kwanza ilipinda. Ya pili ikapinda. Ya tatu ikakaa. Wauza samaki walimshikia bakuli la nati.

"Achilia sasa," Dorcas alisema.

"Kanyaga pedali kwanza, nione."

Mwuza samaki mmoja alilizungusha gurudumu, Dorcas akapanda, akakanyaga. Likasimama. Omoding alilitazama kwa muda, kisha akaondoa mikono. Dorcas alimfunga mgongoni kwa leso, akashika njia ya Paya kwenda nyumbani. Alikuwa mwepesi mno, na ni wepesi huo uliomliza njia nzima.

Wandera alirudi, akainama, akaziona ribiti mpya. Alilijaribu lori hatua chache, likashika. Chrispinus, dereva wa lori lililoegeshwa jirani, alimwuliza kampuni imemtoza kiasi gani.

"Achana na kampuni," Wandera alimwambia. "Hii gurudumu haijanila hata senti moja."

Hakusema uongo. Chrispinus alisikitika kwa wivu. Wandera alikanyaga pedali tena, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ila ile ya kwanza," alisema, "ilikuwa inashika kushinda hii."