Bega la Kumbeba Mzee Astaman

Hiramaya alikuwa mwanamke mwema. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu wiki ile yote alikuwa akiiomba miungu mtu afe kabla ya Ijumaa, na mtu mwenyewe alikuwa anampenda.

Msimhukumu bado. Pale Panauti, mji mdogo wa milimani, kila mtaa una chama chake cha msiba. Akifa mtu, kila nyumba hutoa mwanamume mmoja aje kutia bega chini ya machela ya mianzi, marehemu apelekwe pale mito inapokutana, akachomwe. Nyumba isiyotoa mtu mara tatu inafutwa. Na ukishafutwa, siku yako ikifika utabebwa na nani? Hilo ndilo lililomnyima Hiramaya raha. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mjane, ukoo wa mumewe umekwisha wote, na mwanawe wa pekee, Rabin, alikuwa Qatar akifunga mabomba kwa mkataba usiomruhusu kukanyaga nyumbani mpaka sikukuu ya Mohani, mwezi wa kumi. Mara mbili Bekharatna, katibu wa chama, alisimama msibani akasoma majina, akafika "Nyumba ya Hiramaya?" na hakuna aliyeitika. Sasa alikuwa amebakiza mara moja tu.

Ndipo akaja Tomas. Alitoka Chile, fundi wa vigae, jitu refu lenye ndevu, aliyejitolea kusaidia kuezeka upya paa la hekalu la Mahadev, ambalo majani yalikuwa yameota juu yake kiasi cha kushibisha mbuzi. Tangu mwezi wa kwanza alilala chumba cha juu kwa Hiramaya, akala jikoni kwake, na akajigonga kichwa kwenye kila mlango wa nyumba ile.

"Inama, mwanangu!" Hiramaya alikuwa akimfokea. "Milango hii ilijengwa na watu wenye adabu zao."

"Adabu yenu itaniua, mama," Tomas alijibu huku amejishika paji la uso. Lugha ya mtaa alijifunza juu ya paa kwa mafundi, kwa hiyo nusu yake ilikuwa matusi, na Hiramaya alikuwa na kazi ya kuyachambua kama mtu anayechambua mchele.

Siku moja akimtazama akila sahani ya tatu, wazo likamjia. Huyu si mwanamume? Hali kwangu? Akajitanda shali, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Astaman.

Mzee Astaman ndiye aliyekuwa mkuu wa chama, kwa sababu moja tu: alikula chumvi nyingi kuliko wote, miaka themanini na mitatu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Hiramaya, na tangu ujana wao waliitana shemeji na kutaniana bila huruma. Mzee alimsikiliza, akamwita katibu.

"Bekharatna, kanuni inasemaje?"

"Inasema mwanamume anayekula kwenye jiko la nyumba hiyo."

"Huyo mgeni anakula?"

"Anakula," Bekharatna akakubali.

"Anakula kwa watatu," Hiramaya akaongezea.

"Basi abebe. Katiba haikutaja ndevu wala pasipoti."

Bekharatna akakubali shingo upande. Hiramaya akarudi nyumbani mwepesi, akampikia Tomas mikate ya mchele mpaka akaomba msamaha.

Sasa sikieni balaa. Watu wa mtaa ule walikataa kufa. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, hakuna hata aliyeugua mafua. Tomas naye kibali chake kilikuwa cha siku mia na hamsini, haiongezwi hata moja, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Jumamosi iliyotangulia Ijumaa hiyo, Mzee Astaman akaanguka. Mapafu. Daktari alimsikiliza kifua, akasema arudishwe nyumbani akapumzike, na kila mtu akaelewa maana yake.

Hiramaya aliposikia alilia. Kisha, machozi hayajakauka, akahesabu vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Akajipiga kofi la mkono kwa aibu, na akahesabu tena.

Kila siku alikwenda kumwona, na mikono mitupu hakuweza kwenda. Alibeba supu ya machipukizi ya mianzi, viazi na kunde, ile iliyochachuka vizuri hadi sikio linawasha. Angeweza kupika supu mbovu? Hakujua kuipika. Rojina, mkwe wa mzee, alikuwa akimpokea mlangoni na habari.

"Mama, jana alikuwa hajitambui. Akanywa supu yako, akaketi, akanitukana."

"Ah," Hiramaya akasema, asijue afurahi au vipi.

Ndani, mzee alikuwa amelala chini ya dirisha, amebaki macho na pua.

"Shemeji, leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Mgeni wako anaondoka Ijumaa, sivyo? Nina siku nne. Usiwe na wasiwasi, nitajitahidi."

"Nani kakwambia mambo ya Ijumaa? Kunywa supu, ufunge mdomo."

"Nitakunywaje nikiufunga?"

Alitoka pale uso umemwiva. Alijua. Mzee mwovu yule, alijua kila kitu.

Jumanne ndiyo siku aliyotaka ardhi immeze. Wasiwasi wake mpya ulikuwa urefu wa Tomas: akitia bega, machela itainuka upande mmoja, na Bekharatna atapata sababu ya kumkataa. Akaona heri wafanye mazoezi. Akachukua ngazi ya mianzi, akaweka juu yake gunia la figili, akalifunika shuka la njano lisichafuke, akawaita mafundi watatu wa hekaluni wabebe pamoja na Tomas kuzunguka ua.

"Kunja magoti, mwanangu! Zaidi! Tembea kama bata!"

Tomas akatembea kama bata. Mafundi wakacheka hadi ngazi ikatikisika, Hiramaya akacheka hadi machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya shali. Wakati huo huo jirani yake, Keshari, akafungua dirisha. Aliona nini? Wanaume wanne, kitu kirefu kimefunikwa njano kama maiti, na Hiramaya anajifuta machozi.

"Uwiii! Mzee wetu! Mzee Astaman ametutoka!"

Nani angemzuia? Kilio kikaruka dirisha hadi dirisha. Kufumba na kufumbua uani mmejaa wanawake waliofumua nywele, na Bekharatna kaingia mbio na kofia yake nyeupe, daftari la majina kwapani, ameshaanza kusoma. Alisoma nyumba nne kabla figili moja haijaponyoka na kumgonga mguuni.

"Hii ni nini?"

"Figili," Hiramaya akasema kwa sauti ndogo.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, Mzee Astaman alisikia kilio, akamuuliza Rojina, "Nani amekufa?"

"Wewe, baba."

"Haya. Na mbona hujaniambia?"

Siku iliyofuata Hiramaya hakutaka kuonekana barabarani. Alijifunga ndani, akamtuma Tomas apeleke supu. Tomas alikaa huko saa nzima, akarudi.

"Amesema nini?"

"Amenipima kwa kamba, mama. Amesema nikibeba upande wa kichwa, damu yote itamshukia miguuni. Nikamwambia nitakunja magoti. Akanishika mkono, hakutaka kuuachia. Mama, mimi sitaki afe."

"Nani anataka?" Hiramaya akamkaripia, na akageuka haraka kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Alhamisi mchana Rojina akaja mbio, miguu mitupu.

"Mama, njoo. Baba ameniambia nipake samadi sakafuni, nimshushe chini. Hataki maji, hataki supu. Anasema ana ahadi na mtu."

Hiramaya hakumbuki alivyofika. Mzee alikuwa amelazwa sakafuni, kichwa kaskazini kama inavyotakiwa kwa anayekata roho, mikono juu ya kifua, macho amefumba kwa nguvu, kama mtoto anayejifanya amelala. Lakini pumzi yake haikuwa ya kujifanya. Ilikuja, ikakawia, ikaja nusu. Wiki nzima alikuwa akiliomba jambo hili, na sasa lile hapo, mbele ya miguu yake, na Tomas bado yuko mjini. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Angenyamaza tu.

Akapiga magoti, akamshika mzee mabega.

"Astaman! Wewe mzee mpumbavu, nani amekwambia ufe?"

Jicho moja likafunguka. "Kesho ni Ijumaa," akanong'ona.

"Ijumaa ipite, ipotelee mbali! Sitaki. Unanisikia? Sitaki! Nani mwingine amebaki anayejua nilivyokuwa nikiimba shambani? Nani mwingine ananiita shemeji? Ukienda wewe, mtaa mzima nitakuwa bibi wa watu tu."

"Watakufuta."

"Wanifute."

"Nani atakubeba?"

"Nitatembea mwenyewe mpaka mtoni, nijilaze juu ya kuni." Akalivuta bakuli la supu aliyoikataa. "Fungua mdomo."

Alikuwa akilia waziwazi, na alikuwa amemkasirikia kwelikweli, na nusu ya supu ikamwagikia ndevu za mzee. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili akameza. Rojina alisimama mlangoni na sahani ya samadi mkononi, hajui aiweke wapi.

Ijumaa asubuhi Hiramaya alimketisha Tomas jikoni, akampaka unga mwekundu wa baraka kwenye paji la uso, akampa yai la kuchemsha, samaki mkavu, na kikombe cha aila, ile gongo ya mchele, maana hakuna anayesafiri salama bila hivyo.

"Nisamehe, mama," Tomas akasema. "Nimekula miezi mitano na sijabeba hata mtu mmoja."

"Umebeba figili," Hiramaya akasema, akamkumbatia kiunoni, ndipo alipoweza kufika. "Nenda, mwanangu. Ukifika unipigie. Na huko kwenu ukae wima, unyooshe shingo."

Basi likapanda kilima na kupotea. Alisimama pale stendi mpaka wachuuzi wakaanza kumtazama, kisha akapitia kwa Mzee Astaman, kwa sababu hakutaka kurudi kwenye nyumba ambayo haina mtu wa kufokewa.

Alimkuta mzee ameegemezwa mito mitatu. Rangi imemrudi. Bekharatna alikuwa ameketi miguuni pake na daftari.

"Ameondoka?" mzee akauliza.

"Ameondoka."

"Na Rabin anakuja lini?"

"Mohani. Miezi minne na zaidi."

Mzee akatazama dari, midomo ikichezacheza.

"Shemeji, nimefikiri. Chama kinaita majina siku gani?"

"Siku ya msiba."

"Na pasipo msiba?"

"Hakuna majina."

"Nisipokufa mimi, wewe hukosi kutoa mtu. Sikuwa nimeliona hilo, nilikuwa nahangaika na kufa." Akamgeukia katibu. "Andika: kuanzia leo mwanachama yeyote hana ruhusa ya kufa mpaka Mohani ipite na Rabin awe amefika."

"Mzee, jambo hilo halina kanuni."

"Ndiyo nakwambia uandike, liwe nayo."

Bekharatna alimtazama mzee, akamtazama Hiramaya, ambaye alikuwa amefunika uso kwa shali na mabega yanatikisika. Akafungua ukurasa mpya, akalamba ncha ya kalamu, akaandika, neno kwa neno, na tarehe. Alipomaliza akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha kutoka mbali kifuani.

Wazee wawili wakageuka kumtazama kwa pamoja.

"Hicho kikohozi una nacho tangu lini?" Hiramaya akauliza.

"Ah, ni vumbi tu, mama."

"Vumbi gani?" Alikuwa ameshasimama, anajifunga shali kiunoni. "Kesho asubuhi uje kwangu unywe supu. Na uje na daftari lako, uniandikie wote waliopita miaka sabini, na nyumba zao."